Gobore Huoshwa kwa Maji

Baruti ya kwenye kisahani iliwaka. Ya ndani ya mtutu haikuwaka.

Ilikuwa siku ya pili baada ya Krismasi, katika msitu wa Michaux, kusini mwa Pennsylvania, saa moja na nusu asubuhi, theluji imefika kwenye vifundo vya miguu. Kulungu jike alitoka vichakani akasimama ubavu, hatua kama arobaini kutoka nilipokaa. Nikapandisha mtambo taratibu, nikalenga nyuma ya bega, nikafyatua. Gumegume, lile jiwe la kutolea cheche, likagonga chuma, cheche zikaruka, kisahani cha baruti ya kuwashia, kilicho ubavuni mwa mtutu, kikalipuka fuu! Moshi mweupe ukapanda mbele ya uso wangu, halafu kimya. Nikabaki nimeelekeza mtutu kulekule, nahesabu mpaka sitini kama nilivyofundishwa, maana moto unaweza kuwa bado unatambaa ndani na risasi ikatoka wakati umeshaikatia tamaa. Haikutoka. Moshi ulipotawanyika, kulungu alikuwa ameshageuka, mkia mweupe umesimama, anaingia msituni bila haraka.

Jioni nilipoitoa ile baruti, ilitoka mabonge. Haikulowa maji, ililowa mafuta. Wiki mbili kabla nilikuwa nimeisafisha bunduki ile, nikaipaka mafuta kwa ukarimu kama ninayempaka mtoto baada ya kuoga, nikaisimamisha kabatini mdomo juu. Mafuta yakateremka kidogokidogo, siku baada ya siku, mpaka kwenye tako la mtutu, yakaningojea pale.

Naanza na hilo kwa sababu kila anayeniuliza kuhusu uwindaji huu wa gobore huuliza mambo mawili, na huyauliza kama vile hayajuani. La kwanza: unaweka baruti kiasi gani? La pili: unaisafishaje? Nimewinda misimu sita sasa, na ninachoamini ni kwamba hilo ni swali moja. Mwenye bunduki ya kisasa akikosa, anavuta tena. Mwenye gobore ana risasi moja, na risasi hiyo inatoka kwenye mtutu ulivyo asubuhi ile: msafi au mchafu, mkavu au wenye mafuta. Kuchagua kiasi cha baruti bila kujua mtutu uko katika hali gani ni kupima nguo bila mvaaji.

Kwanza niseme neno kuhusu jina. Ukisikia gobore kwenye taarifa ya habari nyumbani Tanzania, mara nyingi ni habari ya ujangili au ya mtu kuuawa, na kulimiliki bila kibali ni kosa la jinai. Neno limechafuka. Huku Pennsylvania, bunduki hiyohiyo ya kushindilia kwa mdomo ina msimu wake kwenye kalenda ya serikali. Tangu 1974 upo msimu wa bunduki za gumegume, unaoanza baada ya Krismasi na kuingia Januari. Katika msimu huo fataki, vile vikofia vinavyolipuka vikigongwa, haziruhusiwi. Lazima jiwe ligonge chuma, na tundu la mtutu lisipungue .44 ya inchi. Mimi nakaa Lancaster, sehemu ambayo mafundi wenye asili ya Kijerumani walitengeneza bunduki ndefu zenye mifereji ya kuzungusha risasi ndani ya mtutu tangu karne ya 18, kwa hiyo msimu huu kwa wenyeji ni mila, kama ngoma ya mavuno.

Na huyo mnyama, Waswahili wa huku tumezoea kumwita kulungu, ingawa kulungu wa kwetu ni mnyama mwingine, mwenye madoa na pembe zilizosokotwa. Watafsiri wa Zaburi walimwita ayala, aioneaye shauku mito ya maji. Nitasema kulungu, kwa kuwa ndivyo tunavyosema tukiwa mezani.

Babu yangu wa Urambo alikuwa na gobore. Lake lilikuwa la fataki, lenye kibali kilichokunjwa mara nne ndani ya kopo la maziwa, na kazi yake ilikuwa kufukuza nguruwe na nyani wasimalize mahindi. Sikuwahi kumwona akilipiga zaidi ya mara moja kwa siku. Lakini siku aliyolipiga, kabla hajala, alimwita bibi amtengee maji jikoni. Alilishika gobore mdomo juu, akamimina maji ya moto kwa birika, nasi watoto tukainama kuangalia yakitoka kwenye katundu ka fataki, meusi tititi, yananuka mayai viza. Alimimina mpaka yakatoka meupe. Kisha akaliacha mlangoni, chuma chenyewe kikajikausha kwa joto lake, halafu akapitisha kitambaa chenye mafuta ya nyonyo, kidogo, kiasi cha kung'arisha tu.

"Babu, chuma na maji si vinagombana?" niliwahi kumwuliza.

"Mjukuu wangu, kilicho ndani si uchafu wa gari. Ni chumvi. Chumvi utaitoa kwa mafuta?"

Nilikuwa na miaka kumi. Miaka thelathini baadaye, nikiwa na bunduki yangu mwenyewe na rafu nzima ya makopo ya mafuta ya kusafishia, nilikuwa nimeshasahau.

Wengi hujiuliza kwa nini wazee wetu wa bara walikuwa na bunduki za namna hii na si nyingine. Urambo ni nchi ya Mirambo, ambaye mpaka kifo chake 1884 alitawala njia za misafara kwa majeshi yenye bunduki za kushindilia zilizoletwa na biashara ya pembe za ndovu. Halafu ukaja Mkataba wa Brussels wa 1890. Wakubwa wa Ulaya walikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, wakaacha mlango wazi kwa gumegume zisizo na mifereji na kwa baruti ya kawaida ya biashara. Gobore la babu lilikuwa mjukuu wa uamuzi ule. Nalisema hili kila mara Mmarekani anaponiuliza, kwa mshangao, nimejifunzia wapi kushika mdeki, ule ufito wa kushindilia.

Tuje kwenye kiasi.

Bunduki yangu ni Lyman Great Plains iliyotengenezwa Italia, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Tundu lake ni .50 ya inchi, yaani milimita 12.7. Mtutu una urefu wa inchi 32, na mifereji ya ndani inazunguka duara moja kamili katika inchi 60. Namba hii ya mwisho ndiyo ya kutazama kabla ya kununua chochote. Mifereji inayozunguka polepole hivyo imekusudiwa risasi ya mviringo, goroli. Yenye duara moja katika inchi 28, kama zilivyo bunduki nyingi mpya za kushindilia, inataka risasi ndefu iliyovalishwa koti la plastiki. Iliyo katikati, inchi 48, hujaribu kuwaridhisha wote wawili. Watu hulalamika bunduki hailengi, kumbe wameilisha chakula cha jirani.

Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa madini na kwa kinachotoka mtutuni, na kwa gobore neno hilo ni kweli tupu. Goroli inatakiwa iwe risasi safi, laini, isiyochanganywa na madini ya kuifanya ngumu, ili ikifika kwenye nyama itanuke yenyewe. Yangu ni ya .490, ndogo kidogo kuliko tundu, na ina uzito wa greini 177, kama gramu 11 na nusu. Greini ndicho kipimo cha mambo haya: 7,000 zinafanya ratili moja.

Goroli haiendi peke yake. Inafungwa kwenye kitambaa cha pamba tupu, kinene kama sehemu nne za kumi za milimita, kilichopakwa kilainishi. Kitambaa ndicho kinachoshika mifereji na kuizungusha goroli, na ndicho kinachozuia moto usiipite. Mara ya kwanza nilipokwenda dukani kutafuta kitambaa hicho, nilipapasa majora mpaka nikafika kwenye jora la pamba zito, lisilopaushwa, rangi ya maziwa, na mkono wangu ukalitambua kabla ya macho. Ilikuwa marekani. Ile marekani ya kushonea magodoro na kuzikia watu, ambayo jina lake lilitoka hukuhuku. Mabaharia wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakiipeleka Unguja hata kabla ya mkataba wa biashara wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, na kutoka pwani ikabebwa mabegani mwa Wanyamwezi mpaka Tabora, pamoja na baruti na bunduki. Pembe zilirudi kwa njia hiyohiyo, nyingine zikaishia kwenye viwanda vya Connecticut vya kutengenezea vibao vya piano. Nilisimama pale dukani na jora mkononi, sikuweza kuondoka haraka. Nilinunua yadi mbili, nikazifua mara mbili kuondoa wanga, na ndizo ninazokata mpaka leo.

Kilainishi changu ni nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya kulungu mwenyewe. Mtu wa Tabora hahitaji kufundishwa nta. Wengine hutumia mate wakiwa uwanjani, na kwa shabaha ya mchana mmoja si vibaya, lakini mate yaliyokaa mtutuni tangu alfajiri hukauka na kuleta kutu. Grisi ya magari iepuke kabisa. Ikiungua pamoja na baruti nyeusi inageuka lami.

Sasa baruti yenyewe. Hupimwa kwa ujazo, kama mchele kwa kibaba, ila kibaba chenyewe kimeandikwa greini. Kwa baruti nyeusi halisi, greini 80 za kibaba ni karibu sawa na greini 80 za mzani, yaani gramu 5 na kidogo. Baruti mbadala kama Pyrodex ni nyepesi. Imetengenezwa ilingane na nyeusi kwa ujazo, kwa hiyo mtu akiipima kwa mzani, atajaza kupita kiasi bila kujua. Na baruti isiyo na moshi, ile ya bunduki za kisasa, isiguse kabisa bunduki ya namna hii. Inapasua mtutu, na mtutu uko sentimita chache kutoka kwenye jicho lako. Kila kopo nyumbani kwangu lina maandishi makubwa, na hakuna kopo la baruti isiyo na moshi chini ya paa hilo.

Kwa gumegume mimi natumia nyeusi halisi tu. Zile mbadala zinahitaji joto kali zaidi ili ziwake, na cheche za jiwe hazilifikishi kila mara. Ukubwa wa chembe huandikwa kwa herufi F. F zikiongezeka, chembe ni ndogo na moto ni wa haraka. Ndani ya mtutu naweka FFg, kwenye kisahani FFFFg, laini kama unga wa dona.

Namna ya kupata kiasi si siri, ni uvumilivu. Niliweka karatasi yadi 50 mbele, kama mita 46, nikaegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga. Nikaanza na greini 60, risasi tano, nikipangusa mtutu kwa kitambaa chenye unyevu kila baada ya mlio. Nikapanda hadi 70, 80, 90. Kijitabu cha bunduki kina kikomo na kikomo hakivukwi, lakini ukweli ni kwamba bunduki yenyewe huwa imeshakuambia inatosha mapema zaidi. Kwa 60, matundu matano yalifunikwa na kiganja changu. Kwa 70, na vidole vitatu. Kwa 80, karibu sawa na 70. Kwa 90 yakatawanyika kama kuku walioona mwewe.

Nikaenda kuokota vitambaa. Huanguka hatua chache mbele ya mdomo wa bunduki, na mimi navithamini kuliko karatasi ya shabaha. Kitambaa kizuri kinarudi kizima, kina duara jeusi katikati pale goroli ilipokaa, na pembeni kimechakaa kidogo. Vile vya greini 90 vilikuwa vimetoboka na kuungua kingo. Moto ulikuwa umevipita. Nikatulia kwenye 75, nikarudia mara tatu kwa siku tofauti, matundu yakakaa pamoja.

Nilidhani nimemaliza, na hapo ndipo nilipokosea.

Jirani yangu mmoja, mzee wa miaka themanini ambaye amewinda msimu huu tangu ulipoanzishwa, aliangalia karatasi zangu akauliza swali moja: "Ipi ni ya kwanza?" Sikuelewa. Akarudia: katika kila karatasi, tundu la kwanza la siku ni lipi, lile lililotoka kwenye mtutu uliooshwa? Sikuwa nimeweka alama. Jumamosi iliyofuata nikaweka. Risasi ya kwanza, ya mtutu safi, ilipiga inchi mbili juu na kidogo kulia, nje ya familia. Ya pili mpaka ya tano zikakaa pamoja. Jumamosi nyingine, vilevile.

Maana yake nilikuwa nimerekebisha shabaha ya bunduki kwa ajili ya risasi ya pili, ya tatu, ya nne, ambazo msituni sitazipiga kamwe. Kundi zuri lile lilikuwa la mtutu wenye masizi, na mimi naingia msituni na mtutu uliooshwa. Inchi mbili kwa yadi 50 si nyingi kwenye karatasi. Ongeza baridi, mkono unaotetemeka na mnyama asiyetulia, na ni tofauti kati ya mapafu na uti wa mgongo.

Kwa hiyo mwezi mzima wa Oktoba nilifanya kitu ambacho kwenye kiwanja kilionekana cha ajabu. Nilifika, nikapiga risasi moja kutoka mtutu safi, nikaosha, nikaondoka. Karatasi moja ileile, siku tano, matundu matano ya kwanza. Nilisogeza kilengeo cha nyuma cha bunduki kufuata matundu hayo. Hiyo ndiyo karatasi pekee niliyoihifadhi, iko ukutani juu ya meza yangu ya kazi. Upo uamuzi mwingine unaokubalika: kuwasha mlipuko mdogo asubuhi ili mtutu uwe na masizi kabla ya kushindilia, na kulenga kwa mtutu wa aina hiyo. Nawafahamu wanaofanya hivyo na wanapata nyama. Mimi siupendi, kwa sababu masizi hayo yatashinda mtutuni kutwa nzima yakivuta unyevu wa theluji, yakikaa karibu na baruti yangu. Lakini uchague moja, na uijaribie bunduki kwa hilohilo.

Goroli ina kikomo chake na lazima kiheshimiwe. Inatoka mdomoni kwa zaidi ya mita 500 kwa sekunde, lakini umbo lake halikati hewa vizuri. Ikifika yadi 100 imepoteza zaidi ya theluthi ya mwendo, na nguvu iliyobaki ni chini ya nusu. Mimi sipigi zaidi ya hatua sitini. Nina karatasi nyingi zinazoonyesha naweza kugonga sahani kwa themanini, ila sahani haikimbii na jeraha tumboni.

Wenye bunduki mpya za kushindilia, zenye darubini na vidonge vya baruti vya greini 50 kimoja, wana mahesabu yao. Nitasema tu kwamba vidonge vitatu kwa mkupuo, greini 150, kwa kulungu, naona ni kelele na bega kuuma. Viwili vinatosha na kubaki.

Sasa maji.

Baruti nyeusi ni shura sehemu 75, makaa 15, kiberiti, yaani salfa, 10. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa hewa. Inabaki kama moshi ule mzito na kama ukoko mweusi ndani ya mtutu, na ukoko huo kwa sehemu kubwa ni chumvi za potasi. Chumvi hunyonya unyevu. Iache usiku mmoja wa masika ya huku na asubuhi utakuta kutu ya rangi ya chungwa. Zile baruti mbadala zina kemikali nyingine zinazoacha chumvi ya jamii ya kloraidi, nayo ni mbaya vilevile au zaidi. Mafuta hayayeyushi chumvi. Yanaifunika, na chini ya blanketi hilo chuma kinaliwa taratibu huku juu kinang'aa. Chumvi huyeyushwa na maji. Babu hakuwahi kuona kitabu cha kemia, lakini alikuwa amesema yote kwa sentensi moja.

Nafanya hivi. Bunduki yangu ina kabari mbili zinazoshika mtutu kwenye mti. Nazitoa, mtutu unanyanyuka. Ndoo ya maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo. Nachovya tako la mtutu ndani ya ndoo, tundu la kuwashia likiwa chini ya maji, napitisha mdeki wenye kitambaa na kuuvuta juu na chini kama pampu ya baiskeli. Maji yanaingia kwa tundu, yanapanda, yanarudi. Mpigo wa kwanza unatoa wino. Harufu ya mayai viza inajaa gereji, na kila mara, kila mara kabisa, naliona birika la bibi. Nabadilisha maji mara mbili, ya mwisho bila sabuni.

Zamani nilitumia maji yanayochemka nikidhani ndiyo bora, kwa kuwa chuma hukauka haraka. Kwenye gereji yangu yaliniletea kutu nyepesi papo hapo, chuma kikiwa bado moto. Babu alichemsha na hakupata tabu, labda kwa kuwa hewa ya Urambo kiangazi ni kavu na alikuwa hana haraka ya kukifunika. Uvuguvugu unanitosha. Kisha vitambaa vikavu, vinne, vitano, mpaka kimoja kitoke kama kilivyoingia. Sindano kwenye tundu. Kisahani na chuma cha kugongea nasugua kwa mswaki wa zamani. Gumegume nalipangusa, na kama ncha imekuwa butu nalibadilisha, nikilishikisha kwa kipande kipya cha ngozi. Mafuta mwisho, kwa kitambaa kilichochovywa na kukamuliwa, na bunduki inasimama kabatini mdomo chini, juu ya gazeti lililokunjwa. Mdomo chini. Hilo nililinunua kwa bei ya kulungu mzima.

Asubuhi ya kuwinda kazi inageuka kinyume: kuondoa yale mafuta. Kitambaa chenye spiriti, kisha kikavu, kisha sindano kwenye tundu, kisha naweka baruti kidogo kwenye kisahani bila kushindilia kitu na kuiwasha, kukausha njia ya moto. Ndipo namimina kiasi changu kutoka kwenye kibaba, si moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya kuhifadhia baruti, maana cheche ikiwa imejificha ndani, pembe nzima itakulipukia mkononi. Goroli na marekani yake, kijiti kifupi cha kuanzia, kisha mdeki mpaka alama niliyoikata kwenye mti wake ilingane na mdomo wa mtutu. Alama hiyo inaniambia goroli imekaa juu ya baruti. Ikiacha nafasi katikati, mtutu unaweza kuvimba. Ikizidi juu, huenda nimeshindilia mara mbili, na jambo hilo limewapata watu makini kuliko mimi.

Na bunduki iliyoingia baridini haiingii sebuleni hadi siku iishe. Chuma baridi kikikutana na joto la nyumba kinatoka jasho, ndani na nje. Kama siku imepita bila kupiga, napuliza kiasi chote nje kwa kifaa cha gesi, naosha, kesho naanza upya. Majirani wengine huacha baruti ndani wiki nzima. Mimi siwezi kulala.

Msimu uliofuata ile asubuhi ya kisahani nilirudi Michaux, karibu na palepale. Msitu ule ulikatwa wote zamani kuchomwa makaa ya matanuru ya chuma kama lile la Pine Grove, na ukiwa na jicho la mtu wa miombo unaviona viwanja vya duara, bapa, vilivyokuwa matanuri ya makaa. Nilikaa ukingoni mwa kimoja. Saa tatu kasorobo walipita majike wawili. Wa pili alisimama hatua thelathini na tano. Mtambo ukaanguka, na safari hii sikusikia milio miwili. Kisahani na mtutu vilisema kwa pamoja. Nilibaki nimelenga ndani ya moshi, kama inavyotakiwa, na nilipoona tena, alikuwa chini, hatua ishirini kutoka aliposimama.

Nyama nilimgawia yule mzee na familia mbili za Wakongo tunaosali nao. Ilikuwa saa nne usiku nilipomaliza kuchuna na kukata. Mke wangu akaniambia bunduki ingoje kesho. Nikachemsha maji, nikayapoza, nikashusha tako la mtutu ndani ya ndoo.

Asubuhi nilipitisha kitambaa kikavu kuhakikisha. Kilitoka cheupe, ila pembeni kina doa la rangi ya kutu, dogo kama punje ya mtama. Nikarudisha birika jikoni.